Zitateketea au zitafunuliwa?

Kila mwaka ninapofundisha maadili ya Kikristo, swali hili halikosi kuja. Safari hii lilitoka kwa kijana aliyekaa nyuma kabisa, Biblia imefunguliwa 2 Petro 3:10: “Mwalimu, imeandikwa nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea. Sasa miti tunampandia nani?”

Hakuuliza kwa ubishi. Ndivyo alivyohubiriwa tangu utoto. Nikamweleza kwanza kuhusu neno lenyewe. Nakala za Kigiriki zilizo za zamani zaidi hazisemi “zitateketea”, zina kitenzi chenye maana ya kuonekana, kufunuliwa. Yaani nchi na kazi zake zitawekwa wazi mbele ya Hakimu. Tafsiri yetu ya Biblia, ile ya Union, ilifuata nakala za baadaye. Neno moja, na hapo panazaliwa mahubiri mawili tofauti kabisa.

Lakini nisiwadanganye wanafunzi wangu. Wengi husema Wakristo wa kiinjili wa Marekani, yaani Waprotestanti wanaosisitiza kuokoka na mamlaka ya Biblia, hawajali mazingira kwa sababu wanangoja mwisho wa dunia. Nimeisoma historia hiyo kwa miaka mingi, na siamini kwamba Petro ndiye aliyewafikisha hapo. Mfano unaopendwa ni James Watt, mpentekoste aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Rais Reagan, ambaye wizara yake husimamia ardhi za umma. Anasingiziwa kauli kwamba mti wa mwisho ukikatwa Kristo atarudi. Hakuisema. Alichoiambia kamati ya Bunge mwaka 1981 ni kwamba hajui vimebaki vizazi vingapi kabla Bwana hajarudi, ila lazima rasilimali zitunzwe kwa ajili ya vizazi hivyo. Sera zake nazipinga, lakini kumzulia mtu maneno ni dhambi hata kama lengo ni kuokoa msitu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1970 Jumuiya ya Kitaifa ya Wainjili ya Marekani ilipitisha azimio la kutaka uumbaji utunzwe. Mwaka huohuo mwanateolojia Francis Schaeffer, kipenzi cha wahafidhina, alitoa kitabu kizima kuhusu uchafuzi wa mazingira na imani, na Nixon, rais wa chama cha Republican, akaanzisha shirika la serikali la kulinda mazingira. Biblia ilikuwa hiihii, na 2 Petro 3:10 ilikuwemo.

Kilichobadilika ni watu waliokaa nao mezani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 viongozi wengi wa kiinjili waliungana na Republican, hasa ili kupinga utoaji mimba na kutetea ndoa na sala shuleni. Ndani ya chama hicho walikuwemo pia wenye makaa ya mawe na mafuta, na watu waliochukia kila kanuni ya serikali juu ya biashara. Ukiingia kwenye muungano, unabeba na mizigo ya wenzako. Baada ya muda, Mkristo aliyetaja hewa chafu alianza kushukiwa kuwa amehamia upande wa pili.

Tazama mwaka 2006. Mwezi Februari viongozi 86 wa kiinjili, akiwemo mchungaji maarufu Rick Warren, walitia saini wito wa kukabili mabadiliko ya tabianchi. Wenzao wengine, akiwemo James Dobson, mwanzilishi wa shirika la Focus on the Family, walikuwa wameshaiandikia Jumuiya ya Wainjili wakiitaka isichukue msimamo juu ya jambo hilo. Mwaka 2007 Dobson na kundi lake wakaandika tena, wakitaka Richard Cizik, msemaji wa Jumuiya hiyo huko Washington, anyamaze au aondoke, kwa kuwa anawatoa watu kwenye masuala makubwa ya maadili. Bodi haikumfukuza. Lakini mchungaji wa kawaida aliyesoma habari ile alijua bei ya kufungua mdomo.

Kuna kisa kimoja ambacho kinaniuma zaidi. Mtambo wa umeme unapochoma makaa ya mawe, zebaki, ambayo ni sumu, hupanda na moshi, hushuka kwenye maziwa na mito, huingia kwa samaki, kisha kwa mama mjamzito anayemla, na hatimaye kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mtandao wa Wainjili wa Mazingira ulisema wazi: kama tunatetea mtoto ambaye hajazaliwa, tumtetee na kwa hili. Calvin Beisner, kiongozi wa kundi la kiinjili la Cornwall Alliance, na wenzake wakajibu mwaka 2012 kwamba utetezi wa uhai ni kupinga kuua kwa makusudi, na kulichanganya jina hilo na zebaki ni kupotosha. Nimeisoma hoja yao zaidi ya mara moja, nikitaka kuwatendea haki. Bado sioni jinsi mtoto yule anavyopungua thamani kwa sababu tu aliyemdhuru hakukusudia.

Na Bob Inglis, mbunge wa Republican kutoka South Carolina, Mkristo na mpinzani wa utoaji mimba, alipendekeza mwaka 2009 kodi ya kaboni, yaani kodi juu ya nishati inayochafua hewa, huku kodi ya mishahara ikipunguzwa. Mwaka uliofuata aliangushwa kwenye mchujo wa chama chake akiwa na asilimia 29 hivi ya kura. Zilikuwepo sababu nyingine, kama kura yake ya kuyaokoa mabenki, lakini mwenyewe amesema kosa lake kubwa machoni pao lilikuwa tabianchi.

Kijana wangu wa nyuma nilimfungulia Mwanzo 2:15, pale mtu anapowekwa bustanini “ailime na kuitunza”. Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa “kuitunza” ni shamar. Kisha nikamwomba asome Hesabu 6:24. Akasoma: “Bwana akubarikie, na kukulinda.” Kitenzi cha “kukulinda” ni kilekile. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama ndiyo ile baraka tunayofungia ibada kila Jumapili.

Nikamwambia ndiyo yenyewe.