Kumwaga kulanti nyumbani: yanayosemwa na yalivyo

Dhana iliyozoeleka zaidi jijini Nakuru ni kwamba kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ni ya nchi za theluji, na kwamba gari la hapa linatosheka na maji ya bomba. Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Nyingine ni kuchelewesha mchemko na kukinga rejeta (kipoza maji ya injini), pampu ya maji na injini dhidi ya kutu. Maji ya visima, hasa, huweza kubeba madini yanayoacha ukoko ndani ya rejeta.

Hatari kubwa imo katika imani kwamba kifuniko cha rejeta kinaweza kufunguliwa mara tu injini inapozimwa, mradi mshale wa joto haujapanda. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na sufuria ya maji huchemka hapo kwenye nyuzi 94 hivi, wala si 100. Injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hadi 105 hivi, kwa hiyo mara nyingi kinachozuia maji yake yasichemke ni shinikizo lililofungiwa na kifuniko. Kikifunguliwa, maji hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia aliyeinama, na kitambaa alichoshika hakimkingi uso. Gari liachwe hadi paipu ya juu ya rejeta iwe baridi na ibonyee kwa urahisi. Kwa maoni yangu, wakati mzuri ni asubuhi kabla halijawashwa.

Wengi hudhani pia kwamba kilichotoka kwenye koki ya chini ya rejeta ndicho chote, ilhali sehemu kubwa hubaki ndani ya injini na hita. Anayesuuza kwa maji, kisha akajaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa, huishia na mchanganyiko hafifu. Ikiwa mfumo wote huchukua lita 6 na uwiano ni nusu kwa nusu, zitangulie lita 3 za kulanti isiyochanganywa, kisha pajazwe maji ya betri, ambayo hayana madini (si asidi ya betri, ambayo huenda iko kwenye rafu hiyo hiyo dukani). Kulanti tupu si bora zaidi, kwa kuwa hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Rangi nayo haithibitishi aina. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa.

Waionao kulanti kuwa maji ya rangi tu huimwaga mtaroni, na maji ya mitaro ya jiji huelekea Ziwa Nakuru, ambalo halina mto unaotoka. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, sumu tamu ambayo mbwa au mtoto huinywa bila kusita, nayo huharibu figo. Beseni la kukingia kulanti inayotoka lisiachwe peke yake hata kidogo, na kulanti chakavu itiwe katika mtungi wenye kifuniko ulioandikwa “sumu”, kamwe si chupa ya soda, hadi ipatikane gereji inayokubali kuipokea. Aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja, hata akionekana mzima au kama mtu aliyelewa tu.