Chati ya kipato cha kaya kwenye IELTS: dhana zinazowashusha watu bendi

Wiki hii nimesahihisha kazi za watahiniwa watatu wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, walioandika kuhusu chati moja ya kipato cha kaya. Zote tatu zimejaa namba kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipouliza kwa nini, jibu lilikuwa lilelile ninalolisikia kila mwezi: "Mwalimu, nisipotaja namba zote si nitakatwa alama?"

Hukatwi. Swali lenyewe la kazi ya kwanza ya Uandishi, kwa wanaofanya IELTS ya Akademiki, linakuagiza uchague mambo makuu, uyaripoti, na ulinganishe pale inapofaa. Aliyetaja kila kitu hajachagua chochote, kwa hiyo hajafanya alichoombwa. Vigezo vya usahihishaji navyo havifichi: kusimulia takwimu moja baada ya nyingine bila picha ya jumla ni dalili ya bendi 5 (bendi ni ngazi za alama za IELTS) kwenye kigezo cha kutimiza kazi. Anayeitaka 7 lazima atoe muhtasari wa jumla ulio wazi na aipange data kwa makundi yanayoeleweka. Kigezo hicho kinabeba robo nzima ya alama za kazi hii. Sarufi yako iwe safi namna gani, haitakufidia hapo.

Chukua chati hii ya nguzo niliyoitunga kwa ajili ya mazoezi. Inaonyesha idadi ya kaya, kwa mamilioni, katika makundi manne ya kipato cha mwaka, na miaka miwili inalinganishwa. Kaya zenye kipato cha chini ya dola 20,000 zimetoka milioni 6 hadi 9. Za dola 20,000 hadi 40,000 ni milioni 14 miaka yote miwili. Za dola 40,000 hadi 60,000 zimeshuka kutoka milioni 10 hadi 8. Za zaidi ya dola 60,000 zimepanda kutoka milioni 4 hadi 8.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika aya mbili. Ya kwanza ilikuwa namba zote nne za mwaka wa kwanza, ya pili namba zote nne za mwaka wa pili. Kila namba ilikuwa sahihi, lakini nilipomaliza kusoma sikujua chati inasema nini. Mtahini naye hatajua, na hatakufanyia kazi ya kulinganisha.

Nilimwambia afunike namba kwa kiganja, atazame nguzo peke yake kwa nusu dakika, kisha aniambie ameona nini. Akasema: "Ncha zote mbili zimekua, katikati hapajakua." Huo ndio muhtasari! Ukiongeza kwamba kundi la dola 20,000 hadi 40,000 lilibaki kubwa kuliko yote mwaka wa kwanza na wa pili, sentensi mbili zimekupa moyo wa jibu zima. Sasa fungua kiganja uchukue namba za kuthibitisha: kundi la juu limeongezeka maradufu, la chini limeongezeka kwa nusu, la tatu limepoteza kaya milioni 2. Zinatosha. Zoezi hili la kiganja nawapa wote, hata wanaofanya mtihani kwenye kompyuta, na sitaacha kuwapa.

Dhana ya pili inatokana na kipato chenyewe, na inawanasa hata wenye Kiingereza kizuri. Wanaona nguzo ya kundi la juu imekua, wanaandika kwamba familia zimetajirika. Chati haijasema hivyo. Imesema kaya zilizo katika kundi hilo zimeongezeka. Haituambii kama ni kaya zilezile zilizopanda kutoka chini au ni kaya mpya kabisa. Katika mfano wetu jumla ya kaya imetoka milioni 34 hadi 39, kwa hiyo jumla yenyewe imekua. Angalia kundi la milioni 14: idadi yake haijabadilika, lakini sehemu yake katika jumla imeshuka kutoka takriban asilimia 41 hadi 36. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba asilimia yake haikubadilika, umekosea data, na kosa la data linaonekana upesi kuliko kosa la sarufi. Kabla ya kuandika neno lolote, soma kilichoandikwa pembeni mwa chati: ni idadi ya kaya, ni asilimia ya kaya, au ni kiasi cha fedha? Kaya si mtu pia. Anayeandika "people" mahali pa "households" amebadilisha kitu kinachohesabiwa. Na kama chati inatoa mediani, usiiite wastani; mediani ni kipato cha kaya iliyo katikati zikipangwa kutoka ya chini hadi ya juu, na kaya chache zenye mamilioni zinaweza kuuvuta wastani juu bila mediani kusogea.

Tatu, kueleza sababu. Kipato kinamgusa kila mtu, kwa hiyo watu wanaandika kuhusu mfumuko wa bei, ajira, elimu, hata uvivu. Acheni. Kama haimo kwenye chati, haimo kwenye jibu. Maoni yenu yana nafasi yake katika kazi ya pili, yaani insha.

Kuhusu urefu: kima cha chini ni maneno 150, na anayeandika 280 hapati zawadi. Anakula muda wa kazi ya pili, ambayo ina uzito mara mbili ya hii. Dakika 20 za kazi hii zikiisha, hama.

Hitimisho? Halihitajiki. Muhtasari wa jumla unatosha, uuweke baada ya utangulizi au mwishoni. Mimi nataka uwe juu, kwa sababu wanaouacha mwishoni mara nyingi muda unawaishia kabla hawajaufikia. Kunakili sentensi ya swali kama utangulizi nako hakukusaidii. Ieleze kwa maneno yako.

Msamiati mkubwa nao umeponza wengi. Mtu amekariri "skyrocketed" (kupaa ghafla) na anaitafutia pa kuiweka, kisha anaiweka kwenye badiliko la kutoka milioni 14 hadi 15. "Rose slightly" (kupanda kidogo) ndiyo sahihi hapo, na usahihi ndio unaopimwa.

La mwisho ni vijineno viwili vinavyogeuza maana yote. Kaya zilizotoka milioni 6 hadi 9 zimeongezeka "by 3 million" na zimefika "to 9 million". Ukiandika "rose by 9 million", umesema zimekuwa milioni 15. Nimelizungushia wino mwekundu kosa hili katika kazi zote tatu za wiki hii.