Dini za siri na Ukristo wa mwanzo

Dini za siri ni jina la jumla la ibada za kipagani zilizoenea katika Dola ya Rumi, ambazo mtu aliingizwa kwa sherehe maalumu, kisha akafungwa mdomo asitoboe aliyoyaona. Kongwe na mashuhuri ilikuwa ya mungu Demeter, huko Eleusis karibu na Athens. Waliojiunga walifunga, wakanywa kinywaji cha shayiri, na usiku wakaonyeshwa kitu ambacho mpaka leo hakijulikani. Siri ilitunzwa kweli kweli! Wengine walimfuata mungu Isis wa Misri, na wanaume, hasa askari, walimpenda mungu Mithras.

Je, Ukristo ulichota humo? Kufanana kupo, na Mkristo mwenyewe ndiye shahidi. Kwenye miaka ya 150, Yustino Shahidi aliandika kwamba katika ibada za Mithras kuna mkate na kikombe cha maji. Yeye alisema ni mashetani walioiga Ekaristi.

Hapo ndipo wengi huruka hatua na kusema kanisa liliiba. Tazama tarehe kwanza. Paulo alieleza Meza ya Bwana katika miaka ya 50, ilhali alama za mwanzo za ibada ya Mithras katika Dola ya Rumi ni za mwishoni mwa karne hiyo. Kuna pia maandishi ya Roma ya mwaka 376 ya mpagani anayejisifu kuwa "amezaliwa upya milele" kwa kafara ya fahali na kondoo dume. Hutajwa sana kama chanzo cha kuzaliwa mara ya pili, wakati Injili ya Yohana, inayotaja kuzaliwa huko, ilikwishasomwa zaidi ya miaka 200. Huenda hapo aliyeiga ni mpagani. Na yale madai kwamba Mithras alizaliwa na bikira hayana mashiko. Sanamu humwonyesha akichomoza mwambani.

Kwa maoni yangu, asili ya ubatizo na mlo mtakatifu itafutwe kwanza kwa Wayahudi: majosho yao, Pasaka, Yohana Mbatizaji mtoni Yordani. Athari za mazingira ya kipagani naziona zaidi baadaye, hasa karne ya nne, pale kanisa lilipowatoa nje wasiobatizwa kabla ya Ekaristi, na maaskofu wakasubiri mtu abatizwe ndipo wamfafanulie alichofanyiwa.