"May well" haina vizuri ndani yake: kielezi kinapokaa na kitenzi kisaidizi cha Kiingereza

"Mwalimu, huyu mgeni ananiambia anaweza kuchelewa vizuri. Ndiyo nini?"

Kijana aliyeniuliza anapeleka wageni Gombe, hifadhi ya sokwe, kwa boti kutoka Kibirizi, hapa Kigoma. Jioni ile alikuwa ameshika simu, ujumbe umeandikwa "We may well be late tomorrow", naye ameshaanza kukasirika. Aliona mgeni anajipa ruhusa ya kuchelewa, tena kwa raha zake. Kumbe mgeni alikuwa anamtahadharisha kwa adabu: kuna kila dalili kesho tutachelewa, jiandae.

Kosa hilo nalisikia mara nyingi kwa vijana ninaowafundisha, na silioni dogo. Tumefundishwa shuleni kwamba "well" ni "vizuri", na "may" ni "huenda" au "ruksa". Tukiyajua yote mawili tunadhani tumeshaijua "may well". Lakini kielezi kikikaa ubavuni mwa vitenzi visaidizi kama "may", "might", "can", "could", "must", "should" na "will", mara nyingi hakielezi tena namna jambo linavyofanyika. Kinapima uzito wa kile kisaidizi chenyewe: uwezekano ni mkubwa au mdogo, amri ni kali au laini, msemaji ana hakika au anabahatisha.

Chukua "might". Peke yake haielemei upande wowote: huenda ikawa, huenda isiwe. Ukisema "It might well rain", umeelemea upande wa mvua, na aliye na dagaa wake juani aanze kuwaanua. Ukisema "It might just rain", uwezekano umekuwa mwembamba, ingawa haujaisha. "Could easily" nayo isikudanganye kwa ule urahisi wake. Nahodha akiambiwa "The wind could easily change", hakuna anayezungumzia kazi rahisi. Maana yake upepo ukigeuka isiwe ajabu.

Kwa anayeongoza wageni, vipimo hivi ndiyo ahadi yenyewe. Sokwe wa Gombe hawafugwi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alipofika kule mwaka 1960, miezi ya mwanzo walikuwa wakimwona tu wanakimbia. Leo wamezoea watu, lakini msitu ni wao na vilima ni vyao. Siku nyingine wako mbali juu, mgeni anapanda mpaka miguu inatetemeka. Kwa hiyo kijana akisema "You will see chimpanzees", amejifunga kwa jambo lisilo mikononi mwake. Akisema "You will probably see chimpanzees", amesema kweli na bado amempa mgeni moyo. Neno moja tu limeongezeka.

Hapo kwenye "probably" pana jambo la mpangilio ambalo hata waliosoma sana hulikosea. Kwenye sentensi ya kukubali, kielezi hiki hukaa baada ya kisaidizi: "They will probably come down." Kwenye kukanusha kwa "won't", hutangulia: "They probably won't come down." Vijana wengi husema "They won't probably come". Mgeni ataelewa, ila sikio lake litakwaruzika.

Sasa njoo kwenye "must", maana hapa kielezi kinafanya kazi kubwa kuliko kupima. "Must" ina sura mbili. Kuna ya amri: sharti ufanye. Na kuna ya kukisia kutokana na dalili, ile tunayosema "atakuwa amechoka huyu". Kielezi husaidia kujua tuko upande gani. "You must always stay with your guide" ni amri; "always" imeifunga, haina mlango wa kutokea. "You must surely be tired" ni kisio. "Surely" inaonyesha msemaji anaangalia jasho la mwenzake na kuhitimisha. Sentensi hii ya pili haimwamuru mtu kuchoka, japo nimewahi kuisikia ikitafsiriwa "ni lazima uchoke".

"May" nayo hugeuzwa hivyo hivyo. "You may possibly need a jacket" ni uwezekano. "You may certainly take photos" ni ruhusa, tena ya ukarimu: piga picha bila wasiwasi. Sababu ni kwamba "certainly" ina hakika kubwa mno kukaa na "may" ya kubahatisha, hivyo msikilizaji anaikimbilia ile maana ya ruksa. John Lyons, mwanaisimu wa Uingereza aliyeandika sana juu ya maana katika miaka ya 1970, alieleza kwamba kisaidizi na kielezi vyenye kiwango kimoja huoana. "May" na "possibly" zikisimama pamoja hazifanyi shaka mbili. Ni shaka moja iliyosemwa kwa vinywa viwili. Sisi tunalijua hilo bila kufundishwa. Mtu akisema "labda huenda akaja", hatuhesabu labda moja na huenda moja tukapata mbili. Na sikiliza jinsi "huenda" inavyoita "-ka-" kwenye kitenzi kinachofuata: akaja, ikanyesha, wakachelewa. Kiswahili nacho kina maneno yake yanayotafutana.

Kuna mahali ambapo kuhamisha kielezi hatua moja tu kunabadilisha habari nzima, na mfano wake naupenda kwa sababu tunaishi kando ya maji. Mgeni anapanda boti anasema "I can't really swim". Huyu anajua kidogo, ila kuogelea hasa hakuwezi. Mwingine anasema "I really can't swim". Huyu hajui kabisa, na anakusihi umwamini. Kwa wa kwanza "really" imemezwa na ukanushaji: si kwamba naweza hasa. Kwa wa pili "really" imesimama nje na kuukazia ukanushaji wenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Wote wawili wavae jaketi la kuokolea, lakini wa pili mkalishe katikati, karibu na mtu anayejua maji.

"Can hardly" niitaje kwa haraka: ni karibu na siwezi, basi. "I can hardly hear you", injini inanguruma, nakusikia kwa shida. Isichanganywe na "hard" ya bidii.

Na "should probably". Waingereza na Wamarekani huitumia mno kutoa ushauri bila kuonekana wanatuma watu. "Should" tayari ni laini kuliko "must", na "probably" inailainisha tena. Ukiitafsiri neno kwa neno, unapata "pengine unapaswa", na msikilizaji wa Kiswahili atadhani msemaji hana uhakika. Uhakika anao. Anachofanya ni kile tunachokifanya sisi tukisema "ingekuwa vyema", "naona bora", au tunapoanza na "samahani" kabla ya kumwelekeza mtu mzima.

Yule kijana, hasira zilipomwisha, tuliandika jibu pamoja. Yeye alitaka "You must come early". Nikamwambia kwa mgeni aliyekwisha kuomba radhi kabla ya kosa, hilo litamgonga. Akafikiri, akafuta, akaandika mwenyewe: "The lake can often get rough later, so you should probably leave the hotel by six." Kisha akaniuliza kama mgeni ataelewa kuwa hiyo "six" ni saa kumi na mbili yetu. Nikamwambia hiyo haina shida. Akabonyeza, ikaenda.