Shamba la EK na fimbo ya mwalimu: falsafa ya elimu inavyomgusa mtoto wako

Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, malalamiko mengi yanayotufikia sisi wadhibiti ubora wa shule ni ya aina mbili. Wazazi wengine wanasema watoto wanachezeshwa tu darasani. Wengine wanasema wanalimishwa. Tunajua mnauliza kwa nia njema. Majibu yamo ndani ya falsafa inayoongoza elimu yetu, Elimu ya Kujitegemea (EK), ambayo wengi wanaijua kwa jina tu.

Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Watu wakabaki na jembe, mengine wakayasahau. Waraka ulitaka sifa za mbolea zielezwe darasani, kisha wanafunzi wajionee wenyewe shambani inavyofanya kazi na inapokomea. Ulitaka pia washiriki kupanga kazi, watunze hesabu, na waonje faida ya bidii na hasara ya uzembe.

Kwa hiyo tukifika shuleni, ukubwa wa shamba la EK si hoja kwetu. Tunamwomba mwanafunzi wa darasa la sita atuoneshe matuta yaliyowekwa samadi na yasiyowekwa, atueleze tofauti yake, zilivunwa debe ngapi na fedha ikanunua nini. Akishindwa yote hayo, pale pana kibarua, hata mahindi yangestawi namna gani. Na kumtuma mtoto kuchota maji nyumbani kwa mwalimu hakujawahi kuwa EK. Tumelisema hili mara nyingi.

Ukiona hali hiyo, anza kwa mwalimu mkuu. Usiporidhika, nenda kamati ya shule, kisha kwa Afisa Elimu Kata, ndipo ofisi ya udhibiti ubora wilayani. Andika tarehe, darasa, aina ya kazi na muda uliotumika. Malalamiko ya "watoto wanateswa" bila maelezo hayo hayatusaidii kuchukua hatua.

Sasa hilo la kuchezeshwa. Mtoto wa darasa la kwanza akihesabu vizibo vya soda, akatoa vinne kwenye tisa na kumweleza mwenzake vilivyobaki, hapo anajifunza kutoa. Mwanafalsafa Mmarekani John Dewey aliandika tangu 1916 kwamba kutenda na kutafakari ulichotenda ndiko kujifunza kwenyewe, na mitaala yetu ya sekondari iligeukia umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutenda badala ya kukariri tu, tangu 2005. Si jambo lililozuka jana.

Mtoto anayejenga maarifa mwenyewe lazima akosee njiani. Hapa ndipo fimbo inapoingia mahali isipostahili. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu zinaruhusu viboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu, au kosa zito linaloishushia shule heshima. Kukosa hesabu hakumo. Anayetoa adhabu ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkasimu mamlaka kwa maandishi, naye lazima apate kibali cha mkuu kwa kila tukio. Viboko havizidi vinne. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo naye. Kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa huandikwa kwenye kitabu maalumu, na mkuu wa shule husaini. Anayekiuka huchukuliwa hatua za kinidhamu. Mzazi anayemwambia mwalimu "wewe mchape tu" hana mamlaka ya kutoa kibali hicho.

La mwisho ni mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ujuzi wa kazi. Waraka ule wa 1967 ulisisitiza kwamba elimu ya msingi imfae hata asiyechaguliwa kuendelea, na leo amali ni mmoja wa mikondo miwili ya sekondari. Kumwambia mtoto kwamba huko wanaenda waliofeli ni kumwonea.

Wajumbe wa kamati za shule, katika kikao kijacho ombeni taarifa ya mapato na matumizi ya EK. Kitabu cha adhabu sisi hukikagua tukifika.