Laana haikuinamisha ngome ya Matsumoto

Picha za zamani za ngome ya Matsumoto, Japani, zinaonyesha mnara mkuu umelala upande. Wenyeji walikuwa na maelezo yake: mwaka 1686 Tada Kasuke, kiongozi wa wakulima waliogomea kodi ya mchele, alipokuwa akiuawa aliukazia mnara macho ya hasira, nao ukainama. Hadithi tamu, na huenda ndiyo maana imeishi.

Ugomvi wa kodi ni kweli, na Kasuke aliuawa kweli. Mnara nao uliinama, ila kwa sababu isiyo na uchawi wowote. Chini yake, ndani ya msingi uliojengewa mawe, yalifichwa magogo 16 yaliyosimama wima kubeba uzito wa ghorofa sita. Gogo likikaa udongoni miaka mingi huoza. Hata mjenga banda la kuku anajua. Yalipooza, upande mmoja ukatitia.

Mafundi waliunyoosha mnara kati ya 1903 na 1913. Ukarabati wa 1950 hadi 1955 ndio uliotibu miguu yenyewe, kwa msingi wa zege.