Kuhama jukwaa la mijadala: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Dhana: Boti ikishawekwa, msimamizi anaweza kupumzika.

Boti, yaani programu inayokagua machapisho ya kikundi yenyewe, haisomi maana. Hufuata kanuni alizoandika mtu. AutoModerator, boti ya Reddit (jukwaa la vikundi vya mijadala), kwa mfano, hutazama maneno, viungo, umri wa akaunti na idadi ya ripoti. Kwa Kiswahili udhaifu wake huonekana upesi, kwa kuwa maneno yetu hubeba viambishi. Ukizuia neno zima "tapeli", "matapeli" na "utapeli" hupita. Ukiiamuru itafute herufi hizo popote ndani ya neno, shida hugeuka: anayezuia "dili" ili kuwakomesha wachuuzi atanasa pia "jadili" na "badilisha", na wanaojadiliana kwa heshima ndio watakaonyamazishwa. Dawa ni kuorodhesha maumbo yote yanayotumika, kisha kuiagiza boti iliweke chapisho kando lisubiri kukaguliwa badala ya kulifuta. Wiki ya kwanza, pitia foleni hiyo kila siku. Kanuni inayoonea watu hujitokeza hapo. Aliyenukuu tusi ili kumshtaki mtukanaji atanaswa vilevile, na wa kumtoa ni binadamu.

Dhana: Mwaka 2023 Reddit iliua boti zote.

Si kweli. Kilichobadilika ni masharti ya API, njia rasmi ambayo programu za nje hutumia kuchota data. Kuanzia Julai 2023 matumizi makubwa yalitozwa dola 0.24 kwa kila maombi 1,000. Matumizi yasiyozidi maombi 100 kwa dakika yalibaki bure, na boti za usimamizi zilisamehewa. Walioumia zaidi ni watengenezaji wa programu za nje za kusomea Reddit: mojawapo, Apollo, ilikuwa ikituma maombi yapatayo bilioni 7 kwa mwezi, ambayo yangegharimu zaidi ya dola milioni 1.6 kila mwezi, ikafungwa 30 Juni. Kwa wasimamizi, pigo lilikuwa kukatiwa Pushshift, hazina iliyowaonyesha historia ya akaunti hata baada ya machapisho kufutwa. Baadaye ilirejeshwa kwa wasimamizi walioidhinishwa tu.

Dhana: Msimamizi ndiye mwenye kikundi.

Mwenye jukwaa ndiye mwenye neno la mwisho. Vikundi zaidi ya 8,000 vya Reddit vilijifunga kuanzia 12 Juni 2023 kupinga tozo hizo za API. Vilivyoendelea kugoma vilionywa, na baadhi ya wasimamizi wakaondolewa. Tangu mwishoni mwa Septemba 2024, kikundi cha Reddit hakigeuzwi kuwa cha faragha bila kuomba kibali.

Dhana: Ukihama, kila kitu kinakufuata.

Hapa ndipo wengi hupoteza kazi ya miaka. Hata kwenye Mastodon, mtandao wa kijamii wa seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi akaunti) zinazojitegemea lakini zilizounganishwa, wenye utaratibu mzuri wa kuhama, wanaohama nawe ni wafuasi tu. Machapisho hubaki kwenye seva ya zamani. Fuata mpangilio huu:

1. Kwenye akaunti ya zamani, pakua mafaili ya CSV (orodha za mfumo wa jedwali) ya unaowafuata, uliowazuia na uliowanyamazisha.
2. Kwenye akaunti mpya, andika anwani ya akaunti ya zamani katika sehemu ya utambulisho mbadala.
3. Rudi kwenye ya zamani uanzishe uhamisho kwa nywila yako.
4. Pakia yale mafaili kwenye akaunti mpya.

Ukiruka hatua ya pili, uhamisho hukataliwa. Ukishahama, utasubiri siku 30 kabla ya kuhama tena. Na kwa kuwa amri hutoka akaunti ya zamani, seva ikizimika kabla hujaanza, wafuasi wamepotea. Usisubiri tangazo la mwisho.

Lemmy, mtandao wa seva nyingi wa vikundi vya mijadala unaofanana na Reddit, hauhamishi wafuasi wala machapisho. Tangu toleo la 0.19 unaweza kupakua mipangilio, vikundi ulivyojiunga navyo na orodha ya uliowazuia.

Dhana: Seva zote zilizounganishwa huonana.

Kila seva huamua itazungumza na nani. Juni 2023 Beehaw, seva ya Lemmy, ilikata uhusiano na seva nyingine, lemmy.world, kwa sababu wasimamizi wachache wa Beehaw walizidiwa na wageni kutoka huko. Kabla ya kuchagua makao mapya, soma orodha ya seva zilizozuiwa.

Dhana: Kikundi kikihama, cha zamani kiachwe tu.

Wekeni tangazo la anwani mpya juu kabisa, na abaki angalau msimamizi mmoja anayeingia mara kwa mara. Kwenye Reddit, kikundi kisicho na msimamizi huweza kufungwa au kukabidhiwa mtu mwingine anayekiomba, naye ana uwezo wa kuliondoa tangazo lenu.